Pini Ikae Wapi? Namna ya Kuchora Matundu ya Tufe la Bolingi

Mtu akiniletea tufe jipya, bado limo kwenye boksi, simwulizi anataka nilichoreje. Namwuliza tufe lake la zamani linamkosea wapi. Wengi hujibu haraka: "Mzee, mimi nataka likate kona tu." Basi naiacha mashine, navuta kiti, kwa sababu hapo hatujafika kwenye kutoboa.

Nimetoboa matufe kwa zaidi ya miaka 20, na ninachowaambia wote ni hiki: mchoro wa matundu haulipi tufe nguvu lisiyokuwa nayo. Unaamua tu nguvu iliyomo itoke sehemu gani ya leni na itoke vipi, mapema au kwa kuchelewa, polepole au kwa ghafla. Nguvu yenyewe inatoka mkononi mwako, kwenye gamba la tufe na kwenye mafuta ya leni. Mchoro unakuja nyuma ya hao watatu. Nimeshaona watu wakigombana juu ya nusu inchi ya pini huku tufe lao halijafutwa mafuta tangu walinunue.

Kwanza tuelewane maneno. Tufe lina mzingo wa karibu inchi 27. Ishike namba hiyo, maana robo yake ni inchi 6¾, na robo hiyo utaikuta kila mahali. Ndani ya gamba kuna kiini, kizito kuliko kijazio kinachokizunguka, na kila kampuni hukipa umbo lake: kipo kama balbu ya taa, kipo kama nati iliyopondwa upande mmoja. Kichwa cha kiini huonekana juu ya gamba kama kinukta cha rangi tofauti, na hicho ndicho pini. Wale kumi wanaosimama mwisho wa leni nao watu huwaita pini, lakini hapa nitawaita vigingi tusije tukachanganyana.

Kwenye karatasi ya tufe utakuta namba mbili. Ya kwanza ni RG, kipimo cha jinsi uzito ulivyosambaa kutoka katikati ya tufe, ambayo kanuni zinairuhusu kati ya inchi 2.46 na 2.80. RG ikiwa ndogo, uzito umekusanyika katikati, na tufe huanza kuviringika mapema. Ikiwa kubwa, uzito uko karibu na gamba, na tufe huteleza mbali kabla ya kuamka. Ya pili ni tofauti ya RG, yaani pengo kati ya mhimili wa RG ndogo na ule wa RG kubwa. Mwisho wake ni 0.060. Kadiri pengo linavyokuwa kubwa, ndivyo tufe linavyokuwa na uwezo wa kuhamisha mhimili wake likiwa safarini, na huko kuhama ndiko tunakokuchezea tunapochora.

Utakiona kwa macho ukilitazama tufe linaporudi. Pete za mafuta hazikai juu ya pete moja, zimetanuka kama upepeo. Kila mzunguko tufe limekanyaga kwa sehemu nyingine ya gamba, sehemu ambayo bado ni kavu. Mtanuko huo ndio unaolipa gamba nafasi ya kushika leni tena na tena. Tufe la plastiki la kusafishia kigingi kimoja cha pembeni karibu halitanuki kabisa, ndiyo maana linakwenda moja kwa moja.

Halafu kuna viini linganifu na visivyo linganifu. Kisicho linganifu kina alama ya ziada kwenye gamba, huitwa MB, inayoonyesha upande ambao tufe hupenda kuelekea linapozunguka. Kama tufe lako halina alama hiyo, chukulia ni linganifu, na nusu ya mambo utakayosikia watu wakibishana hayakuhusu.

Pima mtu kabla ya kupima tufe

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mchoro wowote unaanzia kwenye PAP, nukta ya juu ya gamba ambayo tufe linazunguka kuizunguka mara tu linapokuachia mkono. Ni mali yako wewe, kama alama ya kidole. Watu wawili wenye kasi ileile wanaweza kupishana inchi nzima. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi hii nilizoea kuandika "5 kwa ½", yaani PAP iko inchi 5 pembeni na ½ juu, kwa kila mtu ambaye sikuwa na muda wa kumpima. Siku moja tufe likarudi likipiga kelele, tak-tak-tak leni nzima, kwa sababu pete zake zilikuwa zinapita juu ya tundu la kidole. Tangu siku hiyo sitobolei mtu kwa namba ya kukisia.

Kuipata PAP si uchawi. Chukua tufe la plastiki linalokukaa vizuri vidoleni. Ninapenda la plastiki kwa sababu pete zake zinaangukiana, huhangaiki kutafuta ipi ilikuwa ya kwanza. Lifute likauke, kisha lirushe kama unavyorusha la straiki, la kuangusha vigingi vyote kwa mara moja, mkono uleule na mzungusho uleule. Ukilirusha kwa mkono wa kusafishia spea, vigingi vilivyobaki, umejidanganya. Likirudi, pitisha kalamu ya nta juu ya pete ya mafuta, uzungushe mpaka ikutane na mwanzo wake. Sasa tafuta nukta iliyo umbali sawa na pete hiyo kutoka pande zote. Ziko mbili, moja kila upande wa tufe. Kwa mtu wa mkono wa kulia, matundu yakiwa yamemtazama, PAP ni ile ya upande wa kulia. Kwa wa kushoto, geuza.

Bandika kipande kidogo cha utepe mweupe juu yake, rusha tena, na mwombe mtu akurekodi kwa simu. Utepe ukitulia tuli tufe linapotoka mkononi, umepatia. Ukizunguka ukachora kijiduara, sogeza kidogo, rudia. Baadaye kwenye leni utepe utaanza kuyumba. Usijali, huo ni mhimili unahama.

Kilichobaki ni kuandika. Piga mstari kutoka katikati ya gumba hadi katikati ya vidole viwili, na kwenye kitovu cha mshiko, katikati ya gumba na vidole, piga mwingine unaokata wa kwanza kwa pembe mraba. Fuata mstari huo wa pili kwenda upande wa PAP mpaka uwe chini yake au juu yake hasa. Yangu mimi ni inchi 5⅛ pembeni na ⅜ juu. Iandike yako mahali ambapo hutapoteza, na ipime upya ukibadili namna ya kushika au ukipumzika mchezo kwa muda mrefu.

Namba tatu

Mtindo ninaoutumia ni wa pembe mbili, aliouleta Mo Pinel, mbunifu wa viini wa Marekani. Mchoro unaandikwa hivi: 50 × 4½ × 50. Namba ya kati ni inchi, za pembeni ni nyuzi.

Nianze na ya kati, ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Ni umbali kutoka pini hadi PAP. Pini ikikaa juu ya PAP yenyewe, yaani inchi 0, kiini kinazunguka kama pia iliyosimama wima: kimetulia, hakina sababu ya kuhama, na tufe huviringika mapema bila mtanuko. Ukiisogeza hadi 6¾, kiini kimelala ubavu, nacho kimetulia pia, ila sasa kinazunguka kwenye RG kubwa, kwa hiyo tufe linateleza mbali kabla ya kuamka. Katikati ya hizo mbili, inchi 3⅜, kiini kimeinama nyuzi 45 na hakina raha. Kinahangaika kutafuta pa kutulia, na kuhangaika kwake ndiko kunakotanua pete. Hapo ndipo mtanuko unapofika kileleni kwa tufe linganifu.

Usikimbilie 3⅜ kwa sababu nimesema kileleni. Mtanuko mkubwa unakula nguvu mapema. Nilimtobolea kijana mmoja mwenye kasi ndogo na mzungusho mwingi tufe la 3⅜ kwa sababu aliling'ang'ania. Kwenye leni lilikata kona futi 30 tu kutoka mstari wa kosa, na lilipofika kwenye vigingi, ambavyo viko futi 60, lilikuwa limechoka. Linagonga katikati ya vigingi na kumwachia viwili vya nyuma vimesimama vinamcheka. Kwa watu wengi mimi huishia kati ya inchi 4 na 5.

Namba ya mwisho ni pembe ya mstari wima. Mstari wima unapita kwenye PAP kwenda juu na chini, na pembe ni ile iliyopo kati yake na mstari unaotoka PAP kwenda kwenye pini. Ikiwa ndogo, nyuzi 30 hivi, pini inapanda juu ya vidole. Tufe likianza kugeuka linageuka kwa ghafla, mshale umekunjwa. Ikiwa kubwa, 60 au 70, pini inashuka chini ya vidole na mgeuko unakuwa upinde mrefu, mpole. Watu wanaosema "pini juu" na "pini chini" wanaizungumzia namba hii bila kujua. Wanakosea kidogo tu: wanapima kwa vidole, wakati tufe linapima kwa PAP. Pini iliyo juu ya vidole vyangu inaweza kuwa na pembe nyingine kabisa kwako.

Namba ya kwanza, pembe ya kutobolea, inapimwa kwenye pini: kati ya mstari wa pini hadi MB na mstari wa pini hadi PAP. Ndogo huharakisha tufe kuingia kwenye mviringiko, kubwa huchelewesha. Kwa kiini kisicho linganifu ina uzito. Kwa linganifu karibu haina kitu, unaitumia tu kuamua kitovu cha uzito kiangukie wapi, kwa hiyo usikeshe nayo.

Makampuni mengine yanaandika umbali mara tatu badala ya pembe: pini hadi PAP, MB hadi PAP, na pini hadi mstari wima. Ni mchoro uleule kwa lugha nyingine. Pini iliyo inchi 4½ kutoka PAP kwa pembe ya nyuzi 35 iko karibu inchi 2¼ kutoka mstari wima. Chagua lugha moja uizoee.

Kuchora wenyewe

Lifute tufe kwa spiriti, liweke juu ya kikombe chake, na uwe na rula ile ya robo duara inayolala juu ya gamba. Rula ya kawaida iliyonyooka itakudanganya. Piga mstari kutoka pini hadi MB. Kama ni linganifu, hadi kitovu cha uzito. Kwenye pini pima pembe ya kutobolea, upige mstari mpya. Tembea juu ya mstari huo inchi za namba ya kati, weka nukta: hiyo ndiyo PAP. Kwenye PAP pima pembe ya pili, upige mstari wima. Sasa unarudi nyumbani kwa kinyume: kama PAP yako iko ⅜ juu, shuka ⅜ kwenye mstari wima, kama iko 5⅛ pembeni, piga mstari wa pembe mraba kurudi upande wa mshiko, 5⅛. Umefika kwenye kitovu cha mshiko. Kutoka hapo ni vipimo vya vidole na gumba kama kawaida.

Kabla ya kuwasha mashine, shika tufe hewani, weka vidole juu ya alama, jiulize: pini iko upande inaotakiwa? Nauliza kwa sababu niliwahi kumchorea mama mmoja wa mkono wa kushoto mchoro safi kabisa wa mkono wa kulia. Aliingiza vidole, akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Hili ni la nani?" Nililijaza matundu yote na kutoboa upya kwa gharama yangu. Leo kila tufe la mkono wa kushoto linabandikwa utepe ulioandikwa SHOTO kwa herufi kubwa, hata kama mwenyewe amesimama mbele yangu.

Tuchukue mtu na leni

Jumla ya pembe mbili naichagua kwa mkono wa mtu. Mwenye kasi kubwa kuliko mzungusho wake anahitaji tufe liamke mapema, basi jumla ndogo, 80 au 90. Mwenye mzungusho mwingi na kasi ndogo anahitaji lichelewe, jumla 120 na kuendelea. Aliye katikati namwekea 100 au karibu yake. Jumla hiyo haibadiliki sana kwa mtu mmoja, maana mkono wake haubadiliki.

Kinachobadilika ni mgawanyo. Kwa mtu wa 100 mwenye tufe lisilo linganifu, naweza kuchora 65 × 5 × 35 likateleza mbali kisha likakunja kwa ghafla. Naweza kuchora 50 × 4½ × 50, la kuanzia siku, la kuulizia leni hali yake. Au 40 × 4 × 60, linaloviringika mapema na kupinda polepole. Jumla ni moja, tabia tatu.

Lipi la lini? Angalia urefu wa mafuta. Kuna kanuni ya mkato: toa 31 kwenye urefu wa mafuta kwa futi, unachopata ni ubao ambao tufe linapaswa kuwa juu yake mafuta yanapoishia. Leni ina mbao 39. Mafuta ya futi 40 yanakupeleka ubao wa 9. Mafuta mafupi yana sehemu ndefu kavu mbele, na tufe la kukunja ghafla litakuwa kichaa huko; chukua la 40 × 4 × 60. Kwenye mafuta ya kawaida ya kumbi nyingi, mengi katikati na kidogo pembeni, hata hilo la kukunja ghafla linasamehewa, kwa sababu ukikosea nje pakavu panakurudisha. Lengo ni tufe liingie mfukoni, kati ya kigingi cha mbele na cha jirani yake, kwa nyuzi 4 hadi 6. Likiingia kwa chini ya hapo linagonga bila kusambaza.

Wanaorusha kwa mikono miwili bila gumba wana neno lao. Tundu la gumba, kwa ukubwa wake, hung'oa kipande kikubwa cha uzito, na tufe linganifu likishatobolewa gumba huwa si linganifu tena sawasawa: linapata upendeleo mdogo karibu na gumba. Asiye na gumba hana nyongeza hiyo. Tofauti kati ya mchoro na mchoro kwake ni ndogo, na mimi humwambia atumie pesa kwenye magamba tofauti badala ya michoro tofauti.

Tundu la nne

Zamani nikikosea kidogo nilikuwa na pa kukimbilia. Nilitoboa tundu la ziada karibu na PAP, au chini yake, na mtanuko ukapanda au ukashuka. USBC, chama kinachosimamia bolingi Marekani, ililipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Agosti 2020. Tangu hapo kila tundu lazima lishikiliwe na kidole kila unaporusha, na kwa tufe la zaidi ya pauni 10 tofauti ya uzito kati ya pande imepanuliwa hadi aunsi 3. Sikuipenda. Bado siipendi, ingawa nakiri imenifanya nipime kwa makini zaidi. Kuna matufe ya zamani kwenye mabegi ya watu yenye tundu hilo. Yajaze kabla hujayapeleka kwenye mashindano.

Ukilichukua tufe

Usilihukumu kwa mirusho mitatu. Gamba la dukani linang'aa kwa namna ambayo haitadumu, na baada ya michezo kadhaa litabadilika lenyewe. Niliwahi kujitobolea matufe mawili pacha, moja 65 × 5 × 35 na jingine 40 × 4 × 60, nikayaweka leni moja nikisubiri muujiza. Tofauti ilikuwepo, mbao mbili tatu hivi na umbo la mgeuko. Kisha nikalisugua lile la kwanza kwa msasa wa 1000. Likaamka mapema kuliko pacha wake. Dakika nne za msasa ziliushinda usiku mzima wa rula.

Kwa hiyo rusha michezo 10 kwanza, ukilifuta kila baada ya mrusho. Tazama pete: zimetanuka kiasi gani, zinakaribia tundu lolote? Kama tufe linachelewa mno, anza na msasa wa 2000, rusha, ushuke 1000. Likiwahi mno, panda 4000 au ling'arishe. Andika kila hatua. Kama baada ya hayo yote umbo la mgeuko ndilo bado silo, si urefu wa kuteleza wala nguvu bali umbo, hapo niletee daftari na tufe, tujaze matundu, tuanze na pembe ya mwisho.